Rangi yangu inanibeba kazini, nikatae hiki cheo?

Shikamoo Shangazi, pole na majukumu. Naomba jina langu usilitoe. Nakuandikia usiku huu maana usingizi umegoma kabisa na kesho kutwa natakiwa nimpe bosi jibu.

Mimi ni chotara, mama mweusi baba mzungu, baba mwenyewe simjui zaidi ya picha moja na jina la ukoo alilotuachia, ambalo ndilo natumia mpaka leo. Nimeolewa nina mtoto mmoja, nafanya kazi kwenye kampuni ya mahesabu, sitaitaja. Hapo kazini nina rafiki yangu tulianza pamoja, meza zetu zinatazamana. Yeye ni mweusi, mweusi wa kuiva, na Shangazi kichwa cha huyu dada ni hatari, hesabu zikigoma ofisi nzima zinaenda kwake, hata mimi nikikwama sina pa kukimbilia zaidi yake. Ripoti kubwa zilizotuletea wateja wapya mwaka huu ni za kwake, mimi nilisaidia tu.

Sasa imetokea nafasi ya msimamizi wa kitengo. Haijatangazwa, hamna intavyuu wala nini, bosi kaniita mimi peke yangu kafunga mlango kaniambia nafasi ni yako ukiitaka. Nikamuuliza na mwenzangu je? Akasema yule ni mchapakazi sana hatuwezi kumpoteza, ila wewe una muonekano, wateja wanakuamini haraka, halafu unajieleza vizuri. Shangazi tumesoma chuo kimoja, tunaongea lugha ileile kwa namna ileile!

Nilitoka pale na furaha nusu, maana kuna kitu kilitokea wiki chache kabla kikaniharibia kabisa raha. Tulienda kwa mteja mimi na yeye. Getini mlinzi akanisalimia kwa heshima akafungua, yeye akasimamishwa, anatoka wapi, anamtafuta nani, toa kitambulisho, na tumeshuka gari moja. Tukaingia kwenye kikao, mteja kila akiuliza swali anaangalia mimi. Likaja swali la kodi ambalo mimi silijui kabisa, nikawa natafuta maneno, mwenzangu akaandika jibu kwenye kipande cha karatasi akanisogezea taratibu mezani. Nikasoma. Mteja akatikisa kichwa akanishukuru mimi, akaendelea. Kwenye gari wakati tunarudi nikamwambia samahani, akasema hivi, sijasahau hata neno: "Sikuchukii. Ila wewe ukiingia chumbani unaanzia hamsini, mimi naanzia sifuri kila siku, nikifika tisini wanasema tumelingana." Tangu siku hiyo hajanibadilikia, salamu zipo, kazi tunafanya, lakini ule utani wetu umekufa.

Mume wangu anasema kubali, nisijitafutie matatizo, riziki haina mjadala. Mama anasema ni nyota yangu, Mungu kanipa nisiizime. Na mimi kuna upande wangu unasema jamani upendeleo gani huo, nimekulia chumba kimoja na mama na wadogo zangu, shuleni nilikuwa naitwa mzungu wa bandia, nimesoma kwa shida, hamna mtu aliyenishika mkono. Lakini ile karatasi hainitoki kichwani. Nikatae hiki cheo? Na nikikubali nitamwangaliaje huyu mwenzangu usoni?

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeshakutumia meseji pembeni kwamba umwombe bosi muda, sema unahitaji wiki moja kufikiria, hamna anayekatazwa kufikiria. Sasa tuongee kwa nafasi.

Nianze na ile karatasi maana umeirudia mwenyewe. Angalia kilichofanyika pale mezani. Jibu lilikuwa lake, akili ni yake, miaka ya kusoma ni yake, ila ili lipokelewe ilibidi lipite mdomoni kwako. Na mteja wala hakujua kama amefanya kitu, amerudi nyumbani kwake anajiona mtu mwema na huenda kweli ni mwema. Watu wengi wanadhani ubaguzi wa rangi lazima uwe na matusi, uwe na mtu aliyekunja sura, uwe na kibao mlangoni. Vibao vilikuwepo, na sehemu nyingi vimeshatolewa, lakini macho ya yule mteja hayakuhitaji kibao kujua yaelekee wapi. Bosi wako pia, naamini anampenda sana huyo binti kikazi, ndiyo maana anataka abaki palepale alipo akiendelea kuzalisha.

Kuna kitu nataka ukijue kwa sababu utaambiwa, kama hujaambiwa tayari, kwamba mwenzako aongeze bidii tu na wakati wake utafika. Marekani kuna watafiti wawili wa uchumi walituma sivii za uongo karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, matokeo yakatoka mwaka 2004. Sivii zilikuwa za viwango vinavyofanana, kilichobadilishwa ni majina, nyingine wakaziwekea majina yanayosikika ya wazungu na nyingine majina yanayosikika ya Wamarekani weusi. Mwenye jina la kizungu alihitaji kutuma kama sivii 10 ili apigiwe simu moja, mwenye jina la watu weusi kama 15. Hapo hakuna aliyeona sura ya mtu, ni jina tu kwenye karatasi, na wewe umeniambia mwenyewe jina lako la ukoo ni la nani. Lakini mimi sehemu iliyoniuma zaidi ni nyingine. Walipoboresha zile sivii, wakaongeza uzoefu na ujuzi, wenye majina ya kizungu simu ziliongezeka kwa asilimia 30 hivi, wenye majina ya watu weusi ziliongezeka kidogo mno. Yaani bidii ileile ukiiweka kwenye jina moja inazaa, ukiiweka kwenye jina lingine inaishia njiani. Ndicho alichokwambia mwenzako kwenye gari, hamsini na sifuri, kakupigia hesabu sahihi kabisa kama kawaida yake.

Sasa hili la kukulia chumba kimoja. Sitaki ulifute, na asije mtu akakwambia hukuteseka. Umeteseka, mama yako ameteseka zaidi, na kuitwa mzungu wa bandia utotoni kunaacha kovu nalijua. Ila mwanangu umaskini ni mzigo mmoja na rangi ni mzigo mwingine, mtu anaweza kubeba mmoja akasamehewa wa pili. Wewe ulibeba ule wa kwanza, tena ule wa pili ulikuwa unapunguziwa kidogokidogo bila kuona, mwalimu aliyekuita mbele, mhudumu aliyekuhudumia kwanza, mlinzi aliyefungua geti. Vitu vidogo hivyo havipigi kelele vikikupata, vinapiga kelele kwa yule aliyenyimwa, ndiyo maana yeye alikuwa anavijua siku zote na wewe umeviona juzi. Na ukihama ukaenda nchi ambako wewe ndiye mweusi wa chumba kizima, utavijua kwa upande wa pili ndani ya siku moja tu, rangi ileile, ngozi ileile, ila pale unaanzia sifuri na wewe. Inategemea umesimama karibu na nani.

Mama yako anasema nyota. Nampa heshima yake, mama amekulea peke yake na anakuombea mema. Ila nyota ya mtu haichagui macho ya kumwakia, hii yako inawaka kwa mlinzi, kwa mteja, kwa bosi, wote kwa sababu moja. Tukisema ni nyota, basi tunasema na huyo binti hana nyota, kwamba ni Mungu aliyempangia kusimamishwa getini. Mimi siwezi kumsingizia Mungu kitu ambacho nakiona kabisa kinafanywa na watu.

Tuje kwenye swali lenyewe, ukatae au ukubali. Wewe si wa kwanza kuulizwa swali hili, kuna watu waliulizwa wakiwa mamilioni. Afrika Kusini wakati wa ubaguzi, serikali ya makaburu iliwapanga machotara katikati, chini ya wazungu na juu kidogo ya Waafrika, hata ajira huko Cape ya Magharibi kulikuwa na sera kwamba chotara apewe kwanza kabla ya Mwafrika, ikakaa kwa miaka mingi, ikafutwa katikati ya miaka ya 1980. Halafu mwaka 1983 wakaja na katiba mpya, bunge la vyumba vitatu, kimoja cha wazungu, kimoja cha machotara, kimoja cha Wahindi. Waafrika ambao ndio wengi kuliko wote hawakupewa hata kiti kimoja. Yaani ni kama bosi kafunga mlango kawaambia nyinyi mna muonekano, njooni mkae na sisi, yule mwenzenu ni mchapakazi lakini abaki nje.

Na watu wakagawanyika, kama nyumba yako ilivyogawanyika sasa hivi. Wapo waliounda umoja mkubwa wa vyama, UDF, ulizinduliwa Agosti 1983 Mitchells Plain, mtaa wa machotara Cape Town, wakasema hatuingii mlango ambao ndugu zetu wamefungiwa. Uchaguzi ulipofika mwaka 1984 machotara wengi waligoma kwenda kupiga kura. Na wapo walioingia bungeni wakisema tutabadilisha mambo tukiwa ndani. Kiongozi wao, Allan Hendrickse, alipata kiti mpaka kwenye baraza la mawaziri. Januari 1987 alienda kuogelea kwenye ufukwe wa Port Elizabeth uliotengwa kwa wazungu tu, kupinga ule ubaguzi, na Rais P.W. Botha akambana mpaka akaomba radhi hadharani. Waziri mzima, anaomba radhi kwa kuingia baharini. Mwaka huohuo akatoka kwenye baraza.

Nakuhadithia hii kwa sababu mbili. Wale waliokataa hawakukataa kimyakimya, kila mtu chumbani kwake na hatia yake. Walikataa pamoja, wakasema sababu kwa sauti, kila mtu akaisikia, ndiyo maana kukataa kwao kulikuwa na nguvu. Wewe ukimjibu bosi "asante lakini sijisikii tayari" halafu ukarudi kwenye meza yako, umefanya nini? Ataletwa mtu mwingine mwenye muonekano, mwenzako atabaki palepale, na wewe utalala usingizi ukidhani umelipa deni. Hiyo siitaki. Na yule aliyekubali, hakuingia bila nia, shida ni kwamba aliingia kwenye nyumba ambayo sheria zake zimeshaandikwa na wengine, siku alipotaka kuzivunja akakuta hana pa kushika. Ukikubali hivihivi ukasema nitamsaidia nikishakaa, utakuta na wewe mikono imefungwa, maana utakuwa umeshaingia kwa kigezo cha muonekano na kigezo hicho umekibariki.

Mimi ningekuwa wewe ningeenda kwa bosi, ningemwambia hivi: nashukuru kwa kuniamini, lakini naomba nafasi itangazwe ndani ya ofisi, vigezo viandikwe, tuombe wote tunaostahili na tufanyiwe intavyuu na watu zaidi ya mmoja, na kazi ya kila mtu ya mwaka huu iwekwe mezani. Na ile ripoti fulani na fulani, ungeeleza palepale nani amezifanya, kwa kumtaja jina. Hapo ndipo rangi yako inafanya kazi yenye maana, kwa sababu mwanangu, maneno hayo akiyasema mwenzako ataitwa mwenye wivu, mlalamishi, anayeona ubaguzi kila mahali. Ukiyasema wewe, ambaye ndiye unayepewa, hawana pa kukuweka. Unaanzia hamsini, basi itumie hiyo hamsini kwenye sentensi hiyo.

Akikuuliza kwani kuna tatizo gani, usizungushe. Mwambie ulichosema kuhusu wateja kuniamini haraka nimekifikiria sana, naona wateja wananiamini kwa rangi yangu, na mimi sitaki kuongoza kitengo kwa sababu hiyo. Sauti ya chini, huna haja ya kumwita mbaguzi, ukimwita hivyo mazungumzo yote yatageuka kuwa ya moyo wake badala ya hiyo nafasi, na moyo wake si ulichoendea. Ombi hilo liweke pia kwenye barua pepe siku hiyohiyo, fupi tu, kwamba kufuatia maongezi yetu naomba moja mbili tatu.

Wakitangaza, omba na wewe, kwa nini usiombe. Akishinda yeye utakuwa chini ya mtu anayeijua kazi, ukishinda wewe utakuwa umeshinda kitu. Wakikataa kutangaza, hapo mimi nasema kataa, na ukatae kwa maandishi na sababu yako iandikwe. Najua una mtoto na kodi ya nyumba haisubiri, nyongeza ile ingesaidia, silichukulii kirahisi hilo na sitakuhukumu ukiona huwezi. Ila kama utalazimika kukubali basi ingia na masharti kabla ya kusaini, ripoti zitoke na jina la aliyeziandika, yeye awe anaongea mwenyewe mbele ya wateja kwa kazi yake, mshahara wake upitiwe upya. Baada ya kusaini hakuna atakayekusikiliza.

Kuhusu mwenzako sasa, na hapa nisikilize vizuri. Usimwendee ukilia. Najua unatamani kukaa naye umwambie unavyoumia, usingizi ulivyokata, ili akwambie hapana wewe si mtu mbaya. Mwanangu hiyo ni kazi nyingine unamwongezea, amekuandikia jibu la kodi na sasa umpe na kazi ya kukubembeleza. Hiyo hatia yako ilete kwangu, ipeleke kwa mumeo, ipeleke kwenye maombi, kwake peleka taarifa. Mwambie ukweli wote kabla hujaenda kwa bosi: nafasi ipo, nimepewa mimi bila intavyuu, nataka niombe itangazwe, wewe unaonaje? Maana huenda hataki jina lake litajwe kwa namna ambayo itamletea shida, huenda anatafuta kazi kwingine, huenda ana mpango wake kabisa. Usimtetee kwa kumfanya mtoto. Na mwambie mshahara wako. Shilingi kwa shilingi. Watu wanaona ni jambo la aibu na waajiri wanapenda tuendelee kuona hivyo, lakini kama mlianza siku moja na unalipwa zaidi yake, hiyo namba itamsaidia kuliko samahani zote utakazomwambia kwenye gari.

Utani wenu sijui kama utarudi. Unaweza kufanya yote haya na asikuchekee tena kama zamani, ni haki yake, amebeba kitu hiki miaka yote akiwa kimya mbele yako. Fanya bila kusubiri malipo hayo.

Mumeo mweleze taratibu, hasemi ukubali kwa ubaya, anaogopa njaa, na mwanaume anayeogopea familia yake njaa si adui. Mwambie kwamba mlinzi kuchagua nani wa kumsimamisha getini si riziki, na muulize yeye mwenyewe amewahi kuachwa nje wakati wewe umepitishwa. Umesema umeolewa hujasema mumeo ni wa rangi gani, lakini kama ni mweusi nina hakika ana hadithi moja au mbili ambazo hajakwambia.

Na siku mkienda tena kwa mteja, huhitaji cheo kwa hili. Mwenzako akisimamishwa getini na wewe simama, toa kitambulisho chako, andikishwa kama yeye. Swali likija kwako na jibu ni la kwake, sema "hilo mwenzangu ndiye mtaalamu wake", halafu geuza kiti chako umwangalie yeye na unyamaze, mteja atafuata macho yako. Karatasi ikisogezwa mezani irudishe palepale.

Niandikie bosi akishajibu, na kama atasema atafikiria, muulize mpaka lini.

Shangazi